Theluji ya Kibo na kamera za wageni

SWALI: Shikamoo dada mhariri. Mi nabeba mizigo ya wageni mlimani Kilimanjaro, natokea Marangu, huu mwaka wa sita. Juzi nimeangalia ile dokumentari ya 2006 ya joto la dunia, ya Al Gore aliyekuwa makamu wa rais wa Marekani, kuna sehemu wanaonyesha theluji ya Kibo, kile kilele kirefu cha mlima, inaisha wanasema ni joto. Mgeni mmoja tuliyempandisha akaniambia huo ni uongo mtupu, hata mahakama ya Uingereza ilishasema. Nani mkweli sasa? Halafu kuna watu walikuja kutushuti sisi wenyewe, wakatupitisha sehemu moja mara tatu na mizigo kichwani, mwenzetu aliyekuwa anacheka akaambiwa asicheke, filamu ilivyotoka tunaonekana kama watu wenye msiba. Hivi dokumentari isiyo na upande ipo kweli?
Msomaji, Moshi

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Huyo mgeni kakupa nusu ya habari.

Kesi ipo. Serikali ya Uingereza ilitaka kuisambaza filamu ile sekondari, mzazi mmoja akaenda mahakamani akisema siasa inaingizwa darasani, na Oktoba 2007 jaji Burton akataja sehemu tisa ambazo filamu ilivuka kile wanasayansi wengi wanachokubaliana, mojawapo ndo hiyo ya Kilimanjaro. Ila jaji huyohuyo alisema hoja kuu, kwamba dunia inapata joto na binadamu anachangia, kwa ujumla iko sawa, akaruhusu ionyeshwe mradi walimu wapewe maelezo ya kwenda nayo. Hii nusu ya pili watu wanaiacha njiani, na anayeiacha anafanya kosa lilelile analomlaumia Gore.

Barafu yenyewe kati ya 1912 na 2007 ilipungua kama asilimia 85, hapo hakuna ubishi. Ubishi uko kwenye sababu. Watafiti wengine walioweka vipimo kule juu wanasema kileleni ni baridi chini ya sifuri karibu muda wote, kwa hiyo kinachoimaliza zaidi ni ukavu, tangu mwisho wa karne ya 19 hewa ya huku imekuwa kavu, theluji mpya haitoshi na jua linaigeuza barafu kuwa mvuke bila hata kupitia maji. Lonnie Thompson, mtafiti wa barafu kutoka Marekani aliyeitoboa barafu ile mwaka 2000 kuichunguza, yeye alikazia joto, na 2002 akaandika itaisha kati ya 2015 na 2020. Miaka hiyo imepita na wewe ukifika Stella, pale ukingoni mwa kreta, bado unaiona.

Kwenye filamu za namna hii mi naangalia zile picha mbili, ya zamani nyeupe na ya sasa nyeusi. We unajua kuliko mimi mlima unavyokuwa mweupe mpaka chini baada ya mvua kubwa, wiki mbili baadaye huoni kitu, sasa mtu akichukua picha ya siku ile akaiweka karibu na ya kiangazi hajadanganya kwa picha hata moja, kadanganya kwa kuzipanga.

Upande kila dokumentari inao, hata pa kusimamisha kamera mtu kachagua, na hilo halinisumbui. Kinachoniuma ni huyo mwenzenu aliyenyimwa kicheko chake. Haya mambo ni ya zamani, Robert Flaherty, mtengeneza filamu wa Marekani, alipowarekodi Wainuiti, wenyeji wa kaskazini mwa Kanada, filamu yake ikatoka 1922 aliwawindisha kwa mikuki wakati bunduki wanazo, nyumba ya barafu akaijengesha nusu ili kamera ipate mwanga. Kupita mara tatu nitavumilia, kazi ya kamera ndo ilivyo, ila kumwambia mtu anune ni kubadilisha habari yenyewe na aliyekaa sebuleni kwake anaangalia hana namna ya kujua.

Humo ndani mliongea wenyewe, au msimulizi ndo aliwaongelea? Kama hamkuongea, mtafuteni aliyewaleta hao watu, mwandikieni mkitaja ni dakika ya ngapi na siku ile ilikuwaje. Na wakija wengine waulizeni kabla hamjanyanyua mzigo: tutaongea wenyewe, kwa Kiswahili chetu?