Pumzi yenye harufu ya asetoni

SWALI: Binti yangu ana kisukari aina ya 1. Akishikwa na homa, pumzi yake hunuka kama dawa ya kufutia rangi ya kucha. Kwa nini?

JIBU: Mama, hiyo ni asetoni. Insulini isipotosha, mafuta mwilini huvunjwa kwa wingi. Ini hukata asidi za mafuta kaboni mbili mbili, na ziada huigeuza ketoni, kundi la kemikali ambalo asetoni ni mojawapo. Zikirundikana huichachusha damu. Mpime ketoni kwa tone la damu: chini ya 0.6 mmol/L ni kawaida, ikifika 1.5 mpigie daktari. 3 au zaidi, au akitapika mfululizo na kuhema kwa nguvu, hospitali sasa hivi. Tafadhali, usimkatishe insulini kwa sababu hajala. Kosa hilo huua. Kipimo cha mkojo hakioni beta-haidroksibutireti, ketoni iliyo nyingi kuliko zote.