Barua kwa Mwanangu: Kuhusu Siku ya Wokovu Usiyoikumbuka

Mwanangu mpendwa,

Bwana Yesu asifiwe. Barua yako nimeipokea na nimeisoma zaidi ya mara moja, kwa sababu swali ulilouliza halifai kujibiwa haraka haraka kwa simu. Umeniandikia kwamba wenzako wa kazini huko Mbarara, Uganda, ambao wameokoka na ambao wanakupenda, walikuuliza ni siku gani uliyompokea Yesu, nawe hukuwa na la kuwajibu isipokuwa kwamba ulibatizwa ukiwa mchanga na ukapata kipaimara katika usharika wetu. Kisha ukaongeza jambo ambalo naona ndilo linalokuumiza zaidi: kwamba siku hizi ukiomba huhisi chochote moyoni, na sasa unajiuliza kama umewahi kuwa na imani hata kidogo.

Kwanza, usiwakasirikie. Swali lao lina mizizi mirefu katika nchi zetu hizi na katika ukoo wetu pia. Uamsho uliowaka Gahini, Rwanda, na kuenea Uganda katika miaka ya 1930, kwa ushuhuda wa watu kama Simeoni Nsibambi wa Kampala, haukuishia kwa Waanglikana. Ulivuka mpaka ukafika Buhaya, upande wa Bukoba huku Tanzania, walikotoka babu zako, ukaingia ndani ya sharika za Kilutheri. Askofu Josiah Kibira wa Bukoba, Mwafrika wa kwanza kuwa Rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani, kuanzia mwaka 1977 hadi 1984, alikuwa mtu wa uamsho huo. Walokole, yaani watu wa uamsho huo, walitufundisha kuitaja dhambi kwa jina lake, kurudisha kilichoibwa, na kuombana msamaha mume na mke bila kuoneana haya. Mimi namshukuru Mungu kwa ajili yao. Ninachokataa ni kitu kimoja tu, yaani kuifanya tarehe kuwa mlango ambao kila mtu lazima apitie.

Soma Waraka wa Pili kwa Timotheo, polepole, ukikumbuka ni nani anayeandika. Anayeandika ni Paulo, na kama kuna mtu aliyekuwa na siku yake na saa yake ya wokovu, ni yeye: njia ya Dameski, nuru ya adhuhuri, sauti iliyomwita kwa jina. Matendo ya Mitume yanalisimulia jambo hilo mara tatu. Lakini anapomwandikia kijana anayemwita mwanawe mpendwa, hamwulizi Dameski yake ilikuwa wapi. Anamwambia anaikumbuka imani yake isiyo na unafiki, “ambayo ilikaa kwanza katika bibi yako Loisi, na katika mama yako Eunike.” Baadaye anamkumbusha kwamba “tangu utoto” ameyajua maandiko matakatifu. Timotheo hana kisa cha kusimama nacho mbele ya mkutano. Ana bibi, ana mama, na ana Neno aliloanza kulisikia kabla hajaweza kusema. Paulo, pamoja na nuru yake yote, anaihesabu imani hiyo kuwa kamili. Ninyi watoto mlilelewa hivyo, na sitaki mtu yeyote akufanye uone aibu juu ya bibi yako aliyekufundisha Baba Yetu jikoni kwake.

Wamekushauri pia ubatizwe tena. Hapo mwanangu nakuomba ufikiri sana. Martin Luther, ambaye sisi Walutheri tunaitwa kwa jina lake, alizaliwa tarehe 10 Novemba 1483, akabatizwa kesho yake, siku ya Mtakatifu Martino, ndiyo maana akaitwa jina hilo. Alibatizwa na Kanisa Katoliki, ambalo baadaye lilimtenga, akiwa hajui kulia kwa sababu yoyote isipokuwa njaa na baridi, na hata hivyo hakubatizwa tena maisha yake yote. Katika Katekisimo Kubwa, kitabu chake cha mafundisho ya imani cha mwaka 1529, anafundisha kwamba dhamiri inapotushitaki tuseme, hata hivyo nimebatizwa. Na kwamba imani yetu haiufanyi ubatizo kuwa ubatizo, bali inaupokea. Ukibatizwa upya kila unapohisi kwamba mara ya kwanza hukuamini vya kutosha, utaacha lini? Mwaka ujao utaichunguza imani ya mwaka huu na kuiona nayo haitoshi.

Sasa niseme juu ya huo ukavu wa sala, maana hapo ndipo ninapokuhurumia. Katika Marko 9 yuko baba aliyemleta kijana wake mwenye pepo kwa wanafunzi, nao wakashindwa. Anapofika kwa Yesu amechoka, na ombi lake linaanza na shaka: “ukiweza neno lolote, utuhurumie.” Yesu anamjibu juu ya kuamini, naye yule baba anapaza sauti: “Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu.” Mimi nikiwa mzazi nimelisoma neno hilo nikiwa na mtoto mgonjwa mikononi, na mtoto huyo ni wewe. Tazama kwamba Yesu hakumrudisha nyumbani akaimarishe imani yake kwanza. Hakumpima. Alimgeukia kijana akamponya, kwa ombi la mtu aliyekiri waziwazi kwamba kutokuamini kumo ndani yake. Tena yule baba hakuupeleka upungufu wake kwa mwingine ila kwa Yesu mwenyewe, na kule kuupeleka kwake ndiko kuamini. Nawe, kama hukuwa na imani, ukavu huu usingekuliza. Asiyeamini haumwi na ukimya wa Mungu.

Yohana naye, katika Waraka wake wa Kwanza, anasema kwamba mioyo yetu ikituhukumu, “Mungu ni mkuu kuliko mioyo yetu, naye anajua yote.” Moyo ni shahidi asiyeaminika, mwanangu. Unakusifu ukiwa umelala vizuri na kula, kisha unakushitaki ukitoka zamu ya usiku. Usiupe kiti cha hakimu.

Usijitenge na watu wa Mungu wakati huu. Katika Marko 2 mtu mwenye kupooza anabebwa na wanne, dari inatobolewa, na Yesu, “alipoiona imani yao,” anamwambia, “Mwanangu, umesamehewa dhambi zako.” Imani yao, wale waliombeba. Jumapili tunaposimama na kusema Imani ya Mitume, wapo miongoni mwetu waliofiwa juma hilo na sauti haiwatoki, nasi tunaisema kwa niaba yao mpaka watakapopata nguvu. Kuna mama katika usharika wetu ambaye baada ya msiba alikaa muda mrefu bila kuweza kuomba. Alikuja tu, akaketi, akapokea Meza ya Bwana, akarudi nyumbani. Wazee wa kanisa hawakumwuliza kitu, nami naona walifanya vyema. Leo ndiye anayeongoza sala za wanawake.

Walutheri Uganda ni wachache, najua, na huenda huko usipate usharika wetu karibu. Basi nenda Kanisa la Uganda, yaani la Waanglikana, lililo jirani nawe, ukasikie Neno, kwa maana imani chanzo chake ni kusikia. Na wenzako wakikualika kwenye ushirika wao, nenda pia, ukaombe pamoja nao. Wakikuuliza tena siku yako, waambie ulibatizwa kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, na kwamba bado unaitwa kwa jina hilo. Usibishane zaidi ya hapo.

Usiku ukikosa maneno, fungua Zaburi ya 88. Inaanza kwa kilio na inaishia gizani, bila shukrani hata moja mwishoni, nayo imo katika Biblia, ili mtu aliye katika hali yako awe na la kusema mbele za Mungu. Isome kwa sauti, kisha sema Baba Yetu, ulale. Jumamosi nipigie simu uniambie umepata kanisa gani.

Ni mimi mama yako