Kozi ya wiki mbili inatosha kuwa fundi baiskeli?

Umeuliza kama kozi ya wiki mbili itakupa ajira ya ufundi baiskeli. Ya kuanzia, huenda; kuachiwa karakana peke yako, bado sana. Darasani utaambiwa pedali ya kushoto hufunguliwa kwa kufuata mshale wa saa, na cheni iliyorefuka asilimia 0.75 ibadilishwe kabla haijala meno ya gia. Hayo hata kitabu kitakueleza. Kazi ni kunyoosha rimu: nati ya spoki robo mzunguko tu, kaza huku, legeza kule, mpaka spoki za upande mmoja, ukizigonga, zilie sauti inayokaribiana. Mimi niliharibu magurudumu kadhaa (machakavu, bahati nzuri). Tafuta fundi mkongwe, hata kama utaanza kwa kuosha cheni.