Mtoto Asiyekwama Huenda Hajaelewa: Kuwachagulia Wanafunzi Vitabu vya Hadithi Mkoani Kigoma

Kiswahili husomeka kama kilivyoandikwa, na jambo hilo ni neema na mtego kwa mwalimu. Mtoto akishazishika silabi, pamoja na zile ngumu za "nywa", "mbwa" na "ng'o", anaweza kutamka ukurasa wowote utakaowekwa mbele yake, uwe wa hadithi ya sungura au wa sheria za ardhi. Akisimama mbele ya darasa akasoma kwa sauti bila kukwama, mwalimu humsifu, wenzake humpigia makofi, na kitabu alichoshika huhesabiwa kuwa kinamfaa. Kwa uzoefu wangu wa kufundisha shule za msingi za serikali mkoani Kigoma, kwanza vijijini wilayani Kasulu na sasa katika Manispaa ya Kigoma-Ujiji, uchaguzi mwingi mbaya wa vitabu huanzia hapo.

Mkoa wetu unalifanya tatizo hilo lionekane wazi zaidi. Watoto wengi wa Kasulu, Buhigwe, Kibondo na Kakonko huja shuleni wakiwa na Kiha kama lugha ya nyumbani, na Kiswahili wanakutana nacho kwa wingi darasani. Kwa kuwa lugha zote mbili ni za Kibantu, mtoto anaweza kubahatisha maana ya maneno kadhaa kwa kufananisha, na kubahatisha huko humfanya aonekane ameelewa kuliko alivyoelewa. Upande wa pili iko Ujiji, mji uliopokea misafara kutoka pwani katika karne ya 19, ambako Kiswahili ni lugha ya familia nyingi tangu enzi za mababu. Katika Darasa la Tatu moja nakuwa na mjukuu wa Ujiji anayekijua Kiswahili cha mafumbo na utani, na pembeni yake ameketi mtoto aliyehamia mjini mwaka huu akitokea kijijini, ambaye husoma kwa ufasaha uleule lakini akicheka ujue amewaona wenzake wakicheka. Kitabu kilichoandikwa "Darasa la Tatu" juu ya jalada kinawahesabu hao wawili kuwa msomaji mmoja. Mimi maandishi hayo huyachukulia kuwa ni makadirio ya mchapishaji ambaye hajawahi kukutana na wanafunzi wangu.

Walimu wengi wanaijua kanuni ya vidole vitano, ambayo mtoto hufungua ukurasa mmoja na kukunjua kidole kila anapokutana na neno gumu, na vidole vyote vya mkono vikikunjuka kitabu hicho huwekwa kando. Kanuni hiyo inafaa, ila kwetu inahitaji marekebisho mawili. La kwanza ni kwamba neno gumu liwe lile asilolijua maana, si lile lililomshinda kutamka, na mtoto aelezwe hivyo waziwazi, kwa sababu akiachwa mwenyewe atahesabu matamshi tu na mkono utabaki umefungwa kitabu kizima. La pili ni kwamba vitabu vya madarasa ya chini vina sentensi chache kwa ukurasa, hivyo maneno matano asiyoyajua katika ukurasa wa sentensi nne ni mengi mno. Mimi huishia kidole cha tatu, na kwa mtoto ambaye Kiswahili chake bado kichanga huishia cha pili.

Hata hivyo kipimo ninachokiamini zaidi ni kumwomba mtoto afunge kitabu baada ya kurasa chache na kunisimulia kilichotokea. Namruhusu asimulie kwa Kiha. Najua wapo walimu wenzangu wasiopenda jambo hili, wakihofia kwamba Kiha kikipewa nafasi darasani Kiswahili kitadumaa, lakini hapa hatupimi uwezo wa kusema. Tunapima kama kitabu kimeingia. Mtoto anayesimulia kwa Kiha kisa kizima, akataja nani alimdanganya nani na kwa nini, amekisoma kitabu cha Kiswahili na kukielewa, na anastahili kupewa kingine kilichozidi kidogo. Yule anayerudia sentensi za kitabu neno kwa neno, kwa Kiswahili safi, ndiye wa kutiliwa shaka. Mwalimu asiyejua Kiha anaweza kumketisha mtoto na mwenzake wakasimuliana, kisha akamsikiliza huyo mwenzake. Watoto hawana subira na msimulizi anayebabaisha, watamuuliza maswali ambayo mwalimu asingeyafikiria.

Idadi ya maneno kwenye ukurasa nayo hudanganya. Baadhi ya vitabu vilivyopangwa kwa ngazi vimetafsiriwa kutoka Kiingereza, na ngazi zake zilipangwa kwa kuhesabu maneno ya lugha hiyo. Kiswahili hubeba mtenda, mtendwa, wakati na ukanushi ndani ya kitenzi kimoja, kwa hiyo sentensi kama "Hawakumwonyesha walipomzika mbwa" ina maneno matatu tu, lakini mtoto wa Darasa la Pili ana kazi kubwa ya kuifumbua. Nikichagua kitabu cha anayeanza naangalia urefu wa vitenzi kabla ya urefu wa sentensi, kisha naangalia kama maandishi yamechapwa kwa herufi kubwa zenye nafasi ya kutosha, na kama mstari unaishia mahali panapoleta maana. Kitabu kinachokata neno katikati mwishoni mwa mstari nakirudisha rafuni hata kama picha zake zinavutia.

Kuhusu maudhui, ushauri unaotolewa mara nyingi ni kwamba mtoto apewe kitabu chenye mazingira anayoyajua. Ushauri huo ni sahihi nusu. Mtoto wa Kigoma anayeanza kusoma anapokutana na mnazi, jahazi na foleni ya magari ndani ya kurasa tatu za mwanzo anabeba mizigo miwili kwa pamoja, kwani yeye amezoea michikichi, mitumbwi na dagaa wanaoanikwa Kibirizi, ufukweni mwa ziwa. Kwa hiyo katika madarasa ya chini natafuta hadithi zenye ziwa, shamba, soko na mifugo. Lakini akishakomaa kidogo, tuseme kuanzia Darasa la Nne, hamu yake huelekea mbali, na nimeona watoto wakizipita hadithi za kijijini na kugombania kitabu chenye theluji na wanyama wasiopata kuwaona. Tusiwafungie watoto wetu katika mawese na migebuka kwa kisingizio cha kuwajali. Kitabu cha mbali humfaa mtoto akiwa na lugha ya kutosha kukifikia, na ndiyo sababu suala la lugha nimelitanguliza.

Wapo pia watoto ambao hadithi haziwagusi kabisa, wengi wao wakiwa wavulana ingawa si wavulana peke yao, na mwalimu akiwaona hukata tamaa mapema akidhani hawapendi kusoma. Watoto hawa wanataka habari za kweli. Huku kwetu habari hizo zimejaa. Ziwa Tanganyika lina kina cha takriban mita 1,470 na ni la pili kwa kina duniani baada ya Ziwa Baikal la Urusi. Hifadhi ya Gombe, ambako mtafiti Jane Goodall alianza kuwachunguza sokwe mwaka 1960, ni safari ya mashua kutoka Kibirizi. Meli ya Liemba iliundwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa Kigoma vipandevipande na kuunganishwa hapa, ikashushwa majini mwaka 1915, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaopolewa mwaka 1924 na kurudi kazini mwaka 1927. Vitabu vya watoto vya Kiswahili vinavyoeleza mambo ya namna hii ni vichache, na pale nilipokosa kitabu nimeandika mwenyewe kurasa chache kwa kalamu nene juu ya karatasi za manila, nikazishona kwa uzi na kuziweka rafuni pamoja na vitabu vingine. Kurasa za Liemba zimechakaa kuliko kitabu chochote cha duka. Anayeandika hivi achunguze miaka na takwimu mara mbili, kwa sababu mtoto wa aina hii hukariri, na atakayemsahihisha baadaye atapata taabu.

Sharti moja silipunguzi kwa yeyote: mwalimu asipendekeze kitabu ambacho hajakisoma mpaka ukurasa wa mwisho. Vitabu vya watoto ni vifupi, na vingi huisha kabla chai haijapoa. Vitabu vya ziada vinavyotumika shuleni vinatakiwa kuwa na ithibati ya Kamishna wa Elimu, na ni wajibu wetu kuiangalia, lakini muhuri hausemi kama kitabu kinamfaa mtoto fulani. Mwezi Februari 2023 Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia ilipiga marufuku vitabu 16 shuleni kwa maelezo kwamba maudhui yake yanakinzana na mila na desturi zetu. Zaidi ya kumkinga na vitabu vya namna hiyo, kusoma kunampa mwalimu maneno ya kusema. Mtoto hutambua upesi kama unakisifu kitabu unachokijua au unasoma maneno ya nyuma ya jalada.

Kuhusu upatikanaji nitasema kwa ufupi. Ruzuku ya shule ya msingi imepangwa kuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na sehemu inayotengwa kwa vitabu huelekezwa kwenye vya kiada, hivyo hadithi hutafutwa kwa njia nyingine. Maduka ya vitabu mjini yameegemea mitihani iliyopita. Maktaba ya mkoa inastahili kutembelewa na mwalimu kabla hajawapeleka watoto. Kwa wenye simu au kompyuta shuleni, Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao, na African Storybook inatoa hadithi za watoto bila malipo, zikiwamo za Kiswahili, zinazoruhusiwa kuchapwa. Tafsiri zake hazilingani kwa ubora, kwa hiyo soma kwanza. Fedha zikipatikana, nunua nakala mbili au tatu za kitabu kimoja kizuri badala ya nakala mojamoja za vitabu vingi, kwa kuwa watoto wawili wanaosoma kitabu kimoja kwa wakati mmoja hukimaliza kwa kushindana. Makasha ya vitabu vya Kiingereza tunayopewa kama msaada tuyashukuru bila kuyahesabu kuwa maktaba. Vyembamba vyenye picha nawatunzia Darasa la Sita na la Saba, ambao wanakaribia sekondari na watafundishwa kwa lugha hiyo. Vinene nimeviacha ndani ya kasha.

Namna ya kupendekeza ina uzito sawa na uchaguzi wenyewe. Kulitangazia darasa zima kwamba kitabu fulani ni kizuri ni sawa na kutangaza bei sokoni, kila mtu anasikia na hakuna anayeona kwamba ameitwa yeye. Mimi husoma kurasa mbili za mwanzo kwa sauti dakika za mwisho za kipindi, nanyamaza panapoanza kunoga, kisha siku hiyohiyo nampa kitabu mtoto mmoja niliyekwisha kumkusudia, na ni nadra awe yule wa kwanza darasani. Mtoto wa katikati akikipenda kitabu, wenzake huamini kwamba nao wanakiweza. Namwambia kwa nini nimemkumbuka yeye: kwa kuwa ana mdogo wake msumbufu kama wa kwenye hadithi, au kwa kuwa aliniuliza habari za mamba. Namwambia pia kwamba kisipomfurahisha anirudishie, hataulizwa. Ruhusa ya kuacha kitabu katikati huwashangaza watoto waliozoeshwa kwamba kila kilichochapwa ni somo, na wengine huitumia sana mwanzoni. Waache. Mtoto aliyeacha vitabu vitatu na kukimaliza cha nne ameshaanza kujua anachokitaka.

Baada ya kitabu sidai muhtasari wala sitoi maswali ya kujibu kwenye daftari. Tunazungumza, basi. Wapo watakaosema kwamba bila maswali hatuna ushahidi, nami nawajibu kwamba ushahidi ni mtoto kuja kuomba kingine. Daftari la azima ninalo, lenye jina la mtoto, jina la kitabu, na safu moja ninayoiona muhimu kuliko zote, ya ukurasa alipoishia kama hakumaliza. Nikikuta watoto kadhaa wameachia mahali pamoja, nakifungua kitabu hapo, na mara nyingi naliona tatizo mwenyewe, ama ni tafsiri iliyokwama, au aya ndefu iliyoingia ghafla, au mawaidha yaliyosimamisha kisa.

Limebaki suala la wazazi, ambalo ndilo huamua kama kitabu kitatoka nje ya geti. Mzazi wa mtoto wa Darasa la Nne au la Saba anafikiria mtihani, na akimwona mtoto na hadithi huona muda unapotea. Sibishani naye kuhusu faida za kusoma. Namwomba tu siku moja amsikilize mtoto akimsimulia, kwa lugha yoyote ya nyumbani. Hofu yao kubwa zaidi, hasa kwa akina mama wanaouza mawese na dagaa pale Mwanga, hapa mjini Kigoma, na wasio na fedha ya ziada, ni kulipishwa kitabu kikichafuka au kupotea, na kwa hofu hiyo humkataza mtoto asikilete nyumbani. Jambo hili lizungumzwe kwenye kikao cha wazazi mapema, mwalimu mkuu akiwapo, na likubaliwe kwamba kitabu kilichochakaa kwa kusomwa hakina fidia, na kilichopotea kitajadiliwa na familia bila kumwita mtoto mstarini. Mimi huvivisha vitabu nailoni kabla ya kuviazimisha, na kabla ya likizo ya Juni na ya Desemba nawapa wanaosafiri vijijini vitabu viwili kila mmoja, kimoja alichochagua mwenyewe na kingine nilichomchagulia mimi, kisha shule ikifunguliwa namuuliza ni kipi alikisoma kwanza.