Kabla ya kusoma gombo la Torati, shika rula

Wengi wanaoanza kazi ya kuorodhesha magombo ya Kiebrania hukimbilia herufi. Siwalaumu, maana ndizo zinazovuta jicho. Ila anza na sehemu zisizoandikwa kitu.

Vipimo vyake vimo katika Talmudi, mkusanyiko wa sheria na mafundisho ya marabi wa Kiyahudi, kitabu cha Menahoti. Gombo la Torati huachiwa nyanda tatu juu, nyanda nne chini, na mbili kati ya safu na safu. Wanda mmoja ni upana wa kidole gumba: wapo wanaouhesabu sentimita 2, wapo wanaoufikisha 2.4. Kwa hiyo ukikuta pambizo la chini lina sentimita 8 au 9 na ushei, mwandishi alikuwa anafuata kanuni. Ukikuta pungufu, usiandike haraka kwamba gombo ni batili. Maimonides, mwanasheria wa Kiyahudi aliyevipanga vipimo hivi vizuri katika karne ya 12, alisema hivyo ndivyo inavyopaswa kufanywa tangu mwanzo, lakini gombo lililokosa vipimo hivyo halibatiliki kwa sababu hiyo.

Penye mishono ndipo wageni wanapopotea. Gombo ni vipande vingi vya ngozi vilivyounganishwa kwa nyuzi za kano. Kila ukingo wa kipande huachiwa wanda mmoja pamoja na akiba ya mshono, ili vikishaungana zipatikane nyanda mbili kama kwingineko. Basi pima penye mshono, kisha pima katikati ya kipande. Pengo la mshononi likiwa jembamba kuliko mengine, huenda gombo limewahi kufumuliwa, likapunguzwa na kushonwa upya. Geuza upande wa nyuma uangalie matundu ya zamani.

Mistari nayo ihesabu. Siku hizi mpangilio ulioenea ni wa mistari 42 kwa safu, safu 245 kwa gombo zima, na karibu kila safu huanza na herufi vavu. Mistari hukwaruzwa kwa ncha kavu, haina wino, kwa hiyo imulikie taa kwa ubavu. Utaona herufi hazikukalia mstari. Zinaning'inia chini yake kama nguo kambani. Mwishoni mwa mstari, herufi mbili za neno zikitokeza nje ya safu inavumilika, lakini jina la Mungu halitoki nje hata kidogo.

Sasa njoo kwenye mwandiko. Waashkenazi (Wayahudi wenye asili ya Ulaya ya kati na mashariki) hufuata mtindo uitwao Beit Yosef, Wahasidi wengi (wafuasi wa harakati ya kidini ya Kiyahudi iliyoanzia Ulaya ya mashariki) ule wa Ari, na Wasefardi (wenye asili ya Hispania na Ureno) ule wa Velish. Mimi huanzia herufi heti: kwa Waashkenazi ni nguzo mbili zilizounganishwa kwa kinundu chenye ncha, kwa Wasefardi paa lake limenyooka. Halafu tsade: katika mtindo wa Ari kichwa cha kulia kimegeuzwa nyuma. Vijitaji juu ya herufi havikusaidii sana, kwani herufi saba huvaa vitatu vitatu katika mitindo yote.

Kazi hii inaweza kumponza hata mjuzi. Mwaka 1889 gombo moja la Chuo Kikuu cha Bologna, lenye urefu wa mita 36, liliandikwa katika orodha kuwa la karne ya 17. Mwaka 2013 Mauro Perani, profesa wa Kiebrania, alilitazama upya, akaona mwandiko ni wa Mashariki na mpangilio una mambo ambayo kanuni za Maimonides ziliyakataza, dalili kwamba liliandikwa kabla kanuni hizo hazijaenea. Kipimo cha kaboni, kinachokadiria umri wa ngozi, kikaliweka kati ya karibu mwaka 1155 na 1225.

Jambo moja zaidi: pima kila kipande peke yake. Magombo hutumika, ngozi huchakaa, na kipande kibovu hubadilishwa na mwandishi mwingine, pengine wa jamii nyingine kabisa. Ukiona mitindo miwili katika gombo moja, iorodheshe yote miwili pamoja na namba za vipande, wala usichague mmoja ili fomu ionekane safi.