Muulize Mwalimu: Tope lajuaje lilisukumwa kutoka wapi?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mvuvi wa Mambrui. Utotoni tulikuwa tukipitisha sumaku ya spika mbovu juu ya mchanga wa pwani, ikitoka na ndevu nyeusi. Sasa kijana wangu aliye chuoni aniambia wataalamu hupima usumaku wa mawe wakajua milima ilifinywa kutoka upande gani. Tena mawe ya tope, yasiyoshika sumaku hata kidogo! Ananitania?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hakutanii. Kazi hiyo nimeifanya kwa mikono yangu miaka mingi kabla sijarudi nyumbani Malindi, na bado naipenda.

Ndevu zile zina magnetaiti, madini ya chuma yanayovutwa na sumaku, ambayo katika mwamba wa tope huwa haba mno. Lakini tope lina vijani vya udongo wa mfinyanzi vyenye chuma kidogo. Havivuti kitu. Ukivisogezea sumaku hupokea usumaku hafifu, ukiiondoa hutoweka. Na hupokea kwa wepesi zaidi kwenye ubapa wao kuliko kwenye unene. Siri yote imo hapo.

Mwaga magamba ya changu katika ndoo ya maji, uyaache yatue. Yatalala bapa. Ndivyo linavyotua tope la mto Sabaki baharini baada ya mvua za bara. Ukilipima, upande dhaifu, yaani ule unaopokea usumaku kidogo zaidi, umesimama wima, na pande za mlalo zakaribia kulingana. Sasa tandika mkeka sakafuni, usukume ukingo mmoja kwa viganja. Mikunjo hukingama na msukumo, sivyo? Vijani navyo hujipanga vivyo hivyo, kidogo kidogo, kabla jicho halijaona mkunjo wowote, na upande wenye nguvu hulala sambamba na mikunjo itakayokuja. Tofauti ni asilimia chache tu, ila mashine huiona. Msukumo ukizidi hadi mwamba ukawa wa kubanduka kama sleti, upande dhaifu huinama, ukaelekea kule nguvu ilikotoka.

Mmarekani John Graham alilipendekeza wazo hili mwaka 1954, na mwaka 1966 akaandika juu ya miamba ya milima ya Appalachian, huko kwao. Kwenye milima ya Pyrenees, ambako Uhispania ilisukumana na Ufaransa kaskazini kwa kusini, yapo matope chini ya milima yaliyolala shwari, ungeapa hayajaguswa. Yapime: upande wake wenye nguvu unafuata mstari wa milima, mashariki kwa magharibi.

Usiende kuyatafuta haya Nyari, lile korongo la Marafa, lakini. Kule mvua ndiyo iliyochonga, hakukufinywa kitu.

Taabu ya kazi ni mshale. Unatoboa mwamba kwa mashine ya kutobolea inayopozwa kwa maji, unapata kijiti cha jiwe chenye kipenyo cha sentimita 2.5. Kabla hujakitoa shimoni, lazima ukichore mshale na uandike dira inasema nini na kimeinama kiasi gani. Siku moja, kwa kuogopa mvua, nilivitoa sita bila mshale. Vilikuwa vizima, vyororo, vya kijivu kama tumbo la papa, na hakuna awezaye kujua kaskazini yake ni ipi. Nilivimwaga mtoni nikalia.

Kijana akija likizo, mlete kwangu Shela, hapa Malindi. Ninacho kimoja kabatini, na mshale wake bado unasomeka.