Re: Ufupisho wa kijana wangu kila mara unarudi umeandikwa "maoni yako"

Pole dada, hiyo "maoni yako" anayoandika mwalimu maana yake kijana anajibu makala badala ya kuyafupisha. Huku Nakuru naiona sana kwa wanafunzi wa Form 3. Chukua hiyo makala ya gugumaji ya Ziwa Victoria umesema alipewa, mwandishi amesema tu mmea umefunika maji, mashua hazipiti na samaki wanakosa hewa, sasa yeye akiandika "inasikitisha serikali imelala" hiyo ameitoa wapi?

Mwambie apige laini chini ya hoja kwanza, mifano na marudio aachane nayo, halafu afunike makala kabisa aandike kwa maneno yake, la sivyo atanakili sentensi nzima nzima. Akimaliza arudi akate "kwa bahati mbaya" na wenzake, isipokuwa mwandishi mwenyewe ndiye analalamika, hapo aseme "mwandishi analalamika kwamba..." na asiongeze chumvi. Na ahesabu maneno jameni, wakisema 60 ni 60! Kwa KCSE, ule mtihani wa kumaliza sekondari, ufupisho ni alama 15 na ndani yake kuna za mtiririko, kwa hivyo hoja zisikae tu kama orodha ya soko, aziunganishe.